Bi Mahrokh, Aliyetukataza Adabu Mlangoni

Siku ya mwisho ya mwezi wa Shahrivar, Bi Mahrokh Tangestani anastaafu, baada ya miaka thelathini ya kukagua vifaa vya kuzuia na kuzima moto katika Kituo cha Umeme wa Nyuklia cha Khur Sefid. Wapo watakaolia. Wapo pia, hasa jikoni, watakaoshusha pumzi waliyoibana tangu alipoajiriwa. Mimi, Siamak wa idara ya umeme, nimepewa kazi ya kuandika haya kwa sababu, kama ilivyosemwa kikaoni, hakuna aliyeandikwa makosa mengi na mama huyu kuliko mimi, na bado namwamkia.

Alikuja hapa akiwa injinia kijana, kinu kikiwa bado ni majukwaa ya chuma na saruji mbichi. Wenzake waligombania kazi za turbini, kwenye kelele na sifa. Yeye aliomba mitungi ya kuzimia moto, mipira ya maji, vitambua moshi na milango. Walimwonea huruma. Haikuchukua muda wakagundua kwamba hakuna chumba asichoruhusiwa kuingia, wala bosi asiyeweza kumwandika, na huruma ikageuka wivu.

Visa vyake ni vingi. Siku ya kumpokea mkurugenzi mpya, Injinia Khosropanah, akina dada wa mapokezi walimfukizia mbegu za esfand ili jicho baya lisimpate. Jicho baya halikumpata, ila king'ora kilimpata. Kituo kizima kilitoka nje na kusimama juani, mkurugenzi akiwa na shada lake la maua mkononi, huku Bi Mahrokh akitabasamu peke yake kwa sababu kitambua moshi kimefanya kazi vizuri. Mapokezi waliandikwa siku hiyohiyo.

Kuna siku mpishi aliuegesha mlango wa kuzuia moto, ambao kanuni inataka ukae umefungwa, kwa mtungi wa kuzimia moto ili ubaki wazi, apate kupitisha sufuria la wali. Bi Mahrokh aliutazama mtungi ule, akasema kwa upole kwamba tangu azaliwe hajaona mtu akivunja kanuni mbili kwa chombo kimoja. Na mkesha wa Jumatano ya mwisho ya mwaka, watu wanaporuka moto kiwanjani kama ilivyo mila yetu, yeye naye huruka, tena ni mwepesi kuliko vijana, ila huruka na mtungi mkononi.

Hata hivyo, vita vyake vikubwa vilikuwa na malezi yetu. Sisi tumelelewa kwamba wawili wakifika mlangoni, kila mmoja humtanguliza mwenzake. Mkono kifuani, kichwa kinainama kidogo: tafadhali wewe, haiwezekani, afadhali nife kuliko kupita mbele yako. Adabu hiyo, tunayoiita taarof, ikifanyika nyumbani inapendeza, na chai huwa tamu zaidi baada yake. Ikifanyika kwenye mlango wa kuzuia moto, maana yake ni kwamba mlango uko wazi na mtu ameushika. Na kwa kuwa yeye ni mwanamke, tena mwenye cheo, kila mwanamume alimshikia mlango. Alikuwa akipita, anashukuru, anageuka, anamwandika aliyemshikia.

Kinara wa kumtania alikuwa Fundi Ghanbar wa pampu, mzee wa mikono mikubwa na sauti kubwa zaidi. "Mama huyu akifika peponi," alikuwa akituambia wakati wa chakula, "atamwandika malaika kwa kumfungulia mlango." Tulicheka mpaka wali ukatupalia. Bi Mahrokh alikuwa meza ya pili na alisikia kila neno. Alimwambia tu, "Ukitangulia, Fundi, waambie waufunge."

Kisha ukaja ule mwaka ambao wengi wenu mnaukumbuka kwa joto lake. Kinu kilikuwa kimezimwa kwa matengenezo, na mji ulikuwa ukisubiri umeme wetu kwa ulimi nje. Kabla ya kuwasha, sharti Bi Mahrokh atie saini kwamba ulinzi wa moto uko sawa. Chini kule tuna vyumba viwili vya nyaya, kila kimoja kikiendesha pampu zake za kupoza kinu, ili kimoja kikiungua kingine kiendelee. Kati yao pana mlango mmoja. Bi Mahrokh aliufungua kidogo, akauachia. Mlango ukarudi taratibu, ukafika karibu na fremu, ukasimama. Ule mkono wa chuma unaourudisha ulikuwa umechoka, baada ya kushikiliwa miaka yote na watu waungwana wanaotangulizana.

Mkurugenzi aliitwa akaja kuutazama. "Bi Injinia," akamwambia, "nafasi yenyewe ni upana wa kidole."

"Moshi hauna mabega, Bwana Mkurugenzi," akajibu. "Unapita."

Mkono mpya wenye hati ya majaribio ulikuwa uletwe kutoka Tehran. Karakana ya mjini ilisema inaweza kuchonga mwingine kabla ya adhuhuri, lakini usio na hati. Akaukataa. Mkurugenzi, ambaye naye alikuwa akipigiwa simu na wakubwa asubuhi na jioni, alimwambia mbele yetu kwamba hadi Jumamosi mkono usipofika atatafuta mtu mwingine wa kutia saini, na yeye atapelekwa stoo kuhesabu sare. Haukuwa utani. Bi Mahrokh akasema sare nazo zinataka kukaguliwa, maana zinaungua haraka.

Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Mama mkwe wake, Bibi Senobar, alikaa uani na upepeo wa ukindu, akizungukwa na majirani waliokuja kulalamika. "Mkamwana wangu," alimwambia, "mji mzima unaiva kama samaki kwenye mchuzi wa ghalieh, na wewe unashindana na bawaba? Nitaficha wapi uso wangu?" Akaapa hatakula chakula cha mkono wake mpaka taa ziwake. Wale wanaomjua Bibi Senobar wanajua kwamba mapishi ya Bi Mahrokh ndiyo anayoyapenda kuliko yote, kwa hiyo wote wawili waliumia. Bi Mahrokh alikuja kazini macho yakiwa mekundu, na kwa mara ya kwanza hatukuwa na utani wa kumtania.

Hakutia saini. Ijumaa, mkono ule ukaingia na basi la Tehran, umefungwa blanketi na kukalishwa kiti cha abiria kama bi harusi. Fundi Ghanbar ndiye aliyeufunga, akinung'unika kila skrubu. Mlango ukarudi, ukalia kwa! na kukaza. Bi Mahrokh akatia saini, akaenda nyumbani kumpikia mama mkwe. Wiki iliyofuata, kibao kikawekwa kwenye kila mlango wa kuzuia moto: Hapa adabu ni kupita. Aliye karibu atangulie, kimya kimya. Tulikiita kibao cha aibu. Fundi Ghanbar alikuwa akikipigia saluti.

Baridi ilipoingia, mimi na Fundi Ghanbar tulikuwa katika kimoja cha vyumba vile, yeye akisikiliza pampu, mimi nikipima nyaya. Kiungio cha waya kikaungua. Mwanzoni harufu tu, kisha moshi mweusi ukashuka kutoka darini upesi kuliko nilivyodhani moshi unaweza kwenda. Tulikimbilia mlango ule wa kati. Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Na hapo, wasomaji wangu, nikiwa nakohoa na machozi yakinitoka, malezi ya mama yangu yakaniinua mkono na kuniwekea kifuani. Nikasogea kando. Nikasema, "Tafadhali, Fundi."

Alinipiga teke la kiunoni ambalo bado nalikumbuka hali ya hewa ikibadilika. "Pita, punda wewe," akanguruma. "Bi Mahrokh atatuandika."

Nikapita nikiwa nimepiga magoti. Yeye akapita kwa kunikanyaga. Nyuma yetu mlango ulirudi wenyewe na kukaza, na kwa upande wetu hakuna hata uzi wa moshi ulioingia. Chumba cha pili kiliendelea kuendesha pampu zake, kinu kikaendelea kupozwa, zimamoto wetu wakamaliza kazi. Mjini watu walikula chakula cha jioni taa zikiwaka na hawakujua lolote. Fundi alipopata pumzi alianza kuniomba radhi kwa teke, nami nikamwomba radhi kwa kumtangulia. Tulitangulizana radhi mpaka zimamoto wakatutenganisha.

Kesho yake mkurugenzi alikwenda ofisini kwa Bi Mahrokh. Alisimama mlangoni hata alipokaribishwa kiti. "Ule upana wa kidole," alianza kusema. Bi Mahrokh alimmiminia chai, akampa kipande cha sukari, na habari za sare hazikutajwa tena mpaka leo. Bibi Senobar naye amekuwa akiwaambia majirani tangu wakati ule kwamba ni yeye aliyemkataza mkamwana wake kutia saini.

Bi Mahrokh, tunakushukuru kwa kutufundisha ukosefu wa adabu. Umetukera kwa miaka yote hii, na tulikutania kwa sababu tulikupenda na hatukujua namna nyingine ya kulisema. Sasa tunalisema. Pumzika, pika ghalieh, ruka moto bila mtungi japo mara moja. Maisha yako ya mbele yawe marefu, na yawe na furaha.

Fundi Ghanbar hatakuwepo kwenye sherehe. Alistaafu, akapanda mitende, akacheza kwenye harusi za wajukuu mpaka akazomewa, na mwaka jana akafariki kitandani kwake, akibishana na mkewe juu ya chumvi. Mkewe huyo, Bi Golandam, alisikia kwamba naandika haya, akanipigia simu. Alisema niandike kwamba yule mzee alikuwa msumbufu, mkaidi na mwenye kukoroma, na kwamba kila siku aliyomsumbua baada ya moshi ule, ulimpa wewe, Bi Mahrokh.