Mzee Ignas na Gari Lililotaka Kabichi

Jumanne, tarehe 30 Juni 1998, Mzee Ignas Mloka anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kukata, kunyoosha na kuchomelea vyuma katika karakana yetu ya Mafiga. Hajawahi kuchelewa kazini, isipokuwa siku alipofunga ndoa na Bibi Yuliana, na hata siku hiyo alipita kwanza getini kuaga. Mwandishi wa wasifu huu ni mtunza stoo, Mwaisha, ambaye bado anasubiri kurudishiwa tupa mbili alizomwazima mwaka 1989.

Alikuja kutoka Mlali mwaka 1966 akiwa kijana mwembamba, na kazi iliyompa jina ni springi za magari ya mboga. Pikapu zilikuwa zikishuka Mgeta na kabichi hadi juu ya kichwa cha dereva, zikifika kwetu zimeburuza tumbo. Mzee Ignas aliziinua nyuma, ili zikipakiwa zikae sawa. Alifanya hivyo mara nyingi mno, na hilo ndilo lililotaka kutuponza.

Mwaka 1994 shirika la umma lililotumiliki liliuza karakana, na Bwana Mansukh, mwenye duka la vipuri mjini, akainunua. Tulikuwa wafanyakazi kumi na mmoja. Mfanyabiashara mmoja wa mitumba alilitaka jengo liwe ghala la marobota, na angekuja Jumamosi kutia saini. Bwana Mansukh alitueleza wazi kwamba mafundi waliozoea kungoja vipuri vya serikali hana kazi nao.

Mzee Ignas akamuuliza, kwa heshima zote, kama ana kazi yoyote iliyowashinda mafundi wengine. Alikuwa nayo. Marehemu baba yake alimwachia Mustang nyekundu ya mwaka 1967, gari la Kimarekani lenye usukani kushoto na mngurumo wa kuamsha mtaa. Vyuma vinavyoshikilia springi za nyuma kwenye fremu vilikuwa vimeliwa na kutu. Siku hizo kila kitu kilikuwa kimeanza kuingia madukani, lakini vishikizi hivyo havikuingia. Mzee Ignas akasema atavitengeneza mwenyewe, na gari likienda Mikese na kurudi kabla ya Jumamosi, karakana ibaki. Bwana Mansukh akakubali huku akicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu hakuna aliyetuuliza.

Alikata chuma cha trela bovu, akakipinda kwa moto, akatoboa na kuchomelea. Mshono wake ulikuwa safi kiasi kwamba tuliita watu kuutazama. Jumatano mchana tukateremsha jeki. Gari likasimama mkia juu, kama mbuzi anayeinama kunywa maji. Bwana Mansukh alilizunguka mara mbili, na mimi nikaanza kufikiria nitauza nini sokoni.

Mzee Ignas aliomba viroba vinne vya kabichi. Tukavipakia nyuma, na gari likashuka taratibu hadi likakaa sawasawa. Hapo sote tukaelewa. Mikono yake ilikuwa imetengeneza pikapu ya Mgeta. Alimwambia Bwana Mansukh kwamba kosa ni lake peke yake, kwamba gari limekaa sawa kwa kabichi na si kwa mtu, na kwamba anaomba siku mbili.

Alikata vishikizi vyote akaanza upya. Safari hii alichora vipimo kwenye maboksi ya biskuti, tena akamtaka mwenye gari akae kwenye usukani muda wote wa kupima. Bwana Mansukh alikaa saa tatu nzima. Kila alipotaka kushuka, sauti ya upole ilitoka uvunguni ikimwomba radhi na kumsihi avumilie kidogo. Chai alipitishiwa dirishani. Nilifurahi kupita kiasi kumwona tajiri akimtii fundi wetu.

Ijumaa alasiri gari likatoka, limekaa chini, limetulia. Tulisimama getini kumi na mmoja. Kwenda Mikese na kurudi ni kama saa moja, lakini saa moja ikapita, ya pili ikapita. Mzee Ignas alikuwa anapangusa mikono iliyokwisha kuwa safi. Kisha tukausikia mngurumo. Bwana Mansukh alishuka akiona haya na kusema alifika Mikese vizuri, ila gari lilikuwa tamu mno, akasahau kugeuza. Mtu wa mitumba alipokuja kesho yake, alikuta tuko kazini.

Leo tuko thelathini na wanne, na magari ya namna ile yanaletwa kwetu kutoka Dar es Salaam na Arusha. Wengi hawajui kwamba Mzee Ignas hajawahi kupanda ile Mustang. Kila alipokaribishwa alisema nguo zake zina grisi. Na Bwana Mansukh kwa miaka minne hajawahi kulitoa gari hilo kwenye lami.

Jumanne, sherehe ikiisha, atalitoa. Ameomba mwenyewe kumpeleka Mzee Ignas hadi mlangoni kwake Mlali, kwenye vumbi na mashimo yote, mzee akiwa kiti cha mbele. Ahsante, Mzee wetu, kwa kazi zetu kumi na moja. Tunakuombea afya, shamba lenye neema na siku ndefu pamoja na Bibi Yuliana. Na njiani usiinamishe kichwa kusikiliza springi. Tulia kwenye kiti, vishikizi vyako vitakufikisha.