Mama Filemoni na Ardhi Iliyokaanga Unga

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, Bi. Dominika Nangomwa, Afisa Afya ambaye karibu sote tunamwita Mama Filemoni, anastaafu. Walioanza kusherehekea ni wenye maduka wasio na pipa la taka. Nawashauri wasubiri kidogo, kwa sababu nyumba yake ameijenga palepale nyuma ya soko.

Mama Filemoni ni mzaliwa wa Lulindi. Alianza kazi Masasi mjini, kisha akaletwa huku juu Newala, ambako alilalamikia baridi mwaka mzima na baadaye akakataa katakata kuhamishwa. Kazi yake ilikuwa kusimamia sheria za taka: dampo liwe na uzio, taka zifukiwe kwa udongo, mifuko ya salfa na chupa za dawa za mikorosho zisichanganywe na maganda ya ndizi. Akialikwa harusini alipita kwanza uani kukagua shimo la taka, ndipo akaja kunawa mikono. Bibi harusi mmoja wa Kitangari alimkuta amechutama shimoni kabla hata hajaonana na mama mkwe.

Lakini kumsifu Mama Filemoni bila kulitaja dampo la zamani la barabara ya Makote ni kula ugali mkavu.

Dampo lile liliwekwa kwenye mahame, kijiji kilichohamwa siku nyingi, na hakuna ajuaye makaburi yake yanaishia wapi. Kila mtu alimwaga alichotaka. Kwa miaka kadhaa wabanguaji walileta maganda ya korosho kwa trekta, mengine yakiwa na moto wa kukaangia bado, yakafunikwa udongo juujuu. Ganda la korosho lina mafuta. Likishika moto chini ya udongo halitoi mwali, linaungua polepole na kuacha uwazi.

Kipupwe kimoja, mbuzi walianza kulala damponi. Wakafuata mbwa. Kisha waokota chupa, wakiongozwa na Swalehe, wakagundua kwamba pale katikati ardhi ina joto zuri, wakapafanya mahali pa kunywea uji asubuhi. Ukungu wetu, ambao hufunika hata mnara wa simu, haukutua pale. Ukiinama ulisikia kama pumzi, ikiingia na kutoka taratibu. Mimi niliinama mara moja tu, ikanitosha.

Mama Filemoni alijua panaungua chini na kwamba siku moja patatitia na watu juu yake. Hofu hiyo ilimkosesha usingizi. Aliweka uzio wa miti, ukageuka kuni. Akaweka bango, likageuka mlango wa banda la kuku. Akatoza faini. Swalehe alimpa shikamoo kwa adabu zote, akalipa, akarudi kukaa palepale, maana baridi haijui sheria.

Ndipo wazee, wakiongozwa na Mzee Abdulkadiri, wakaamua kupatambikia. Unga wa mtama ulimwagwa taratibu mpaka ukasimama kama kichuguu kidogo, ukaachwa ulale. Asubuhi ukikutwa umesimama, waliotangulia wameridhia watu wakae pale. Ukiwa umemomonyoka, wamekataa. Ulikutwa umesimama wima, mzuri kuliko ulivyoachwa. Waokota chupa walifurahi, wakateleka uji wao.

Mama Filemoni hakubeza. Alimwomba tu Mzee Abdulkadiri aushike ule unga. Ulikuwa wa kahawia, umekaangika mpaka katikati, na bado wa moto. Mzee aliusugua vidoleni, akaunusa. Kisha akasema kwamba wazee wetu waliolala pale hawakaangi unga wanaopewa, na huyu anayekaanga yeye hamjui. Watu walibeba sufuria zao na kuondoka bila kusubiri bango.

Juma lilelile, asubuhi ya ukungu mzito, tukiwa sote barabarani, tulimwona mtu amekaa pale katikati, ametupa mgongo. Mama Filemoni aliita. Hakugeuka. Akaanza kumfuata, akiita majina ya waokota chupa mmoja mmoja: Swalehe, Alfredi, Pili na wenzao. Kila aliyetajwa aliitika nyuma yake, huku barabarani tulipokuwa. Majina yalipokwisha, alisimama. Hatua chache mbele yake ardhi ilizama bila kishindo, likabaki shimo lenye wekundu chini kabisa, na yule aliyekaa hakuonekana tena.

Tulihesabiana tena na tena. Hakupungua mtu. Taarifa ya Mama Filemoni ilieleza maganda, joto na upana wa shimo. Yule aliyekaa hakumtaja, kwa sababu hakuna kifungu kinachomhusu.

Tangu hapo sheria ilipata miguu. Dampo jipya, ng'ambo ya barabara, lina uzio, na taka hufunikwa udongo kila jioni. Maganda hayapokelewi mpaka yapoe, na Mama Filemoni aliyapima kwa kiganja chake mwenyewe. Mifuko ya salfa hurudishwa chama cha msingi cha ushirika. Swalehe ndiye mlinzi wa geti, na kwa ukali amempita mwalimu wake. Shimo la zamani lilijazwa udongo hadi likapoa, na mbuzi hawalali tena pale.

Utaratibu mmoja Mama Filemoni aliuongeza mwenyewe. Kila jioni kabla ya kufunga, mtu husimama ukingoni mwa dampo la zamani na kuita majina ya wote waliofanya kazi siku hiyo. Wakishaitika wote, huita mara moja zaidi, bila jina: aliyebaki atoke, tunafunga. Wakaguzi kutoka mkoani waliuliza hiyo ni kanuni ipi. Aliwajibu kwamba kanuni inataka eneo lifungwe likiwa halina mtu, naye anahakikisha.

Wiki iliyopita alinikabidhi kazi hiyo. Niliita majina, wakaitika wote. Ile ya mwisho niliita kwa sauti ndogo, kwa aibu. Mama Filemoni alinitazama, akaniambia niite kama ninayemwita mtu nisiyetaka afe.

Nikaita hivyo, ndipo tukafunga geti.

Asante, Mama Filemoni, kwa uhai wa wenzetu. Nenda ukapumzike, Mungu akupe afya na miaka mingi ya kucheza na wajukuu. Jioni tutaita sisi.