Historia ya Dada Yetu, Bibi Nukta, na Asubuhi Ambayo Hakuambiwa

Ndugu, jamaa, majirani na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu kuja kusimama nasi leo, familia imemwomba mdogo wake marehemu, ambaye masomo yake yaliishia shule ya msingi na ambaye hata miwani hii ameiazima, awasomee maisha ya dada yake, naye amekubali, si kwa sababu ni hodari wa kusoma mbele za watu, bali kwa sababu lipo jambo moja katika maisha hayo ambalo hakuna mwingine aliye hai anayelijua, na Mungu akimtia nguvu atalisoma mahali pake na kwa tarehe yake, kama mengine yote.

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa karani wa posta na mshona nguo, na mama yetu alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alitoka amekunja ngumi, kama mtu aliyekuja na kitu chake na hataki kuulizwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1958, akaimaliza Novemba 1964, kisha akasoma sekondari ya wasichana ya bweni kuanzia 1965 hadi 1968, ambako hisabati ilimshinda, na hilo hakulificha hata siku moja, lakini aliwaandikia wenzake barua za nyumbani, za kuomba sabuni na za kuomba msamaha, na inasemekana wazazi wawili walifika shuleni kumpongeza mwalimu mkuu kwa adabu ya binti zao, ambao wenyewe hawakujua barua zao zilisema nini.

Tarehe 3 Februari 1969 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, kwanza katika chumba cha kufunga vitabu, na kuanzia 1972 akawa msahihishaji wa prufu, yaani yule anayesoma karatasi kabla hazijachapwa kwa wingi ili makosa yasitoke nje, na kazi hiyo aliifanya mpaka alipostaafu mwaka 2006. Jina la Bibi Nukta alilipata huko, siku aliposimamisha mashine iliyokwisha kuwashwa kwa ajili ya nukta moja katika kalenda, na tangu hapo wapiga chapa wakimwona anakuja walikuwa wakiambiana, "Ficheni hata chai, huyu atakuta kosa humo humo kikombeni."

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1975, na fundi mitambo wa kiwanda hicho hicho, ambaye kwa miezi minane alikuwa akija kutia mafuta mashine iliyo karibu na meza yake, mpaka msimamizi akauliza mbele ya watu, "Fundi, huyu ni mgonjwa gani asiyepona, kila siku daktari yuko kitandani kwake?" Mungu aliwajalia watoto wawili, binti aliyezaliwa 1976, ambaye leo ni muuguzi, na mwana aliyezaliwa 1980, ambaye ni seremala, na wajukuu wanne. Shemeji yetu alitangulia mbele za haki mwezi Juni 2011. Mwaka 1977 mdogo wake marehemu alikuja kusaidia kulea kwa miezi mitatu, na miezi hiyo mitatu, wapendwa, ndiyo inaisha leo.

Sasa tuseme juu ya vitabu, maana wengi mlio hapa mlimjua kwa vitabu. Aliandika saba, cha kwanza kikatoka 1979 na cha mwisho 2008, na watu waliokuja kumhoji walitaka siri, nao walikuwa wakirudi na uso wa mtu aliyeomba maji akapewa ndoo na kamba, kwa sababu alikuwa akiwajibu, "Vaa viatu, kaa chini, usingoje kupenda." Hayo hayakuwa maneno ya mzaha. Aliamka saa kumi na moja alfajiri, akasali, akanawa uso kwa maji baridi, akavaa viatu vyake vya kazini vya kufunga kamba, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa kuwa alisema mtu aliyevaa ndala huandika kama mtu aliyelala, akaingia stoo iliyo kando ya jiko na kufunga mlango. Aliandika kwa penseli, nyuma ya prufu zilizotupwa, mistari arobaini, na ikifika arobaini alisimama hata kama maneno bado yanakuja, akisema mgeni mwema huaga kabla hajachokwa. Siku za kazi alitoka saa moja, Jumamosi alitoka saa tatu, na mlango huo ulipofungwa hakuna aliyebisha, si mume, si mtoto, si mgeni. Mwaka 1984 mdogo wake aliwahi kubisha kuuliza kama chumvi ilikwisha kutiwa kwenye mboga, na marehemu hakusema naye mpaka jioni, na hapa tukiri kwamba dada yetu hakuwa malaika, alikuwa na ulimi wa wembe na kununa kwake kulikuwa kazi kamili.

Meza yake ya kuandikia ilikuwa meza ya cherehani ya mama yetu, iliyoondolewa cherehani yenyewe ikabaki na pedali yake, na marehemu alipokuwa anatafuta neno alikanyaga pedali, na akilipata aliacha, hivyo mdogo wake, akiwa jikoni upande wa pili wa ukuta, alijua hali ya kazi bila kuuliza, pedali ikilia ni shida, pedali ikinyamaza ni heri.

Tarehe 22 Mei 1993 mhariri alimrudishia mswada aliouhangaikia miaka miwili, akimwambia kwa upole kwamba maneno yamo lakini hamna mtu ndani yake, na kuanzia siku hiyo, kwa miezi mitano, pedali ilikuwa inalia tangu alfajiri mpaka saa ya kutoka. Alivaa viatu kila siku, alikaa chini kila siku, akatoka na karatasi nyeupe kila siku, akakonda mpaka saa ya mkononi ikawa inazunguka yenyewe, na shemeji akamwambia mdogo mtu, "Shemeji, wewe ndiye mwenye magoti, mwombee huyu." Naye aliomba, tena kwa maneno yale yale kila siku, kwamba Mungu anyamazishe ile pedali.

Jumamosi, tarehe 16 Oktoba 1993, kama saa moja na dakika kumi asubuhi, pedali ilinyamaza, na ikaendelea kunyamaza, na mdogo wake marehemu akaacha kuosha vyombo ili hata sufuria isigongane na sufuria. Saa moja na nusu alikuja muuza dawa wa duka la kona, ambaye simu yake ndiyo ilikuwa simu ya mtaa mzima, akasema mjomba amepiga, mama amezidiwa, anamwita binti yake mkubwa, na basi la kwenda huko ni moja tu kwa siku, linaondoka saa mbili na nusu. Mdogo wake akajibu, "Nimesikia, kaka, namwambia sasa hivi," akamsindikiza hadi barabarani, akarudi, akasimama mbele ya mlango wa stoo na mkono umeinuliwa, na hakubisha.

Watu watauliza kwa nini, na yeye amejiuliza kwa miaka ishirini na sita. Alijiambia mama amewahi kuzidiwa mara tatu na kupona mara tatu. Alijiambia basi la kesho lipo. Lakini kweli yenyewe ni kwamba aliuona ule ukimya kuwa jibu la sala yake, akaona kubisha ni kumrudishia Mungu alichotoa, na hakukumbuka kwamba Mungu huyo huyo ndiye aliyeamuru tuwaheshimu wazazi. Alirudi jikoni akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasikia basi likipiga honi stendi, na bado akakaa.

Saa tatu mlango ulifunguliwa, marehemu akatoka anacheka, ameshika karatasi kumi na moja, maana siku hiyo hakuhesabu mistari, akasema, "Mdogo wangu, nimempata, yumo ndani, anatembea!" Ndipo mdogo wake akaongeza kosa juu ya kosa, akamwambia kwamba ujumbe umefika dakika hiyo hiyo. Marehemu aliziweka karatasi juu ya jiko lililopoa, akaenda stendi alivyo, akakaa huko hadi saa kumi akitafuta lori au gari lolote, asipate. Mama yetu alifariki saa kumi na moja jioni, na basi lile lilikuwa limefika huko saa tisa na nusu, yaani dada yetu angekuwa na saa moja na nusu ya kumshika mama yake mkono.

Dada na mdogo wake walifika huko Jumapili, mazishi yakawa Jumatatu tarehe 18, na kwa kuwa mjomba alikuwa amepiga simu tena alasiri ile kuuliza mbona mtoto hajateremka, na muuza dawa akaapa kwamba alifikisha ujumbe saa moja na nusu, mjomba alisimama kando ya kaburi, mbele ya watu wote, akasema, "Uliambiwa saa moja na nusu. Basi liliondoka saa mbili na nusu. Wewe ulikuwa unaandika. Haya, kaandike na hili." Na kina mama waliokuwa nyuma wakaitikia chini chini, "Mama yake ni kalamu, huyo." Marehemu aligeuka, akamtazama mdogo wake kwa muda wa kumeza mate mara moja, na mdogo wake akatazama chini, akishika sikio. Kisha marehemu akasema, "Ni kweli, mjomba, nilichelewa, nisameheni."

Ndivyo alivyosema, na ndivyo ilivyobaki. Mjomba hakukanyaga tena nyumbani kwake. Maneno yalisafiri, yakaongezwa na yaliyokuwa hayamo, na wapo walioacha kumsalimu, na mwalimu mmoja aliwaambia wanafunzi kwamba kitabu kile kilichotoka 1995, kinachosomwa hadi leo mashuleni, mwandishi wake alikinunua kwa mama yake. Mdogo wake marehemu alikuwa akiyasikia hayo kisimani, sokoni na kanisani, akarudi kupika. Sura ya nne ya kitabu hicho, ambayo ndiyo zile karatasi kumi na moja, hajawahi kuisoma.

Marehemu hakuuliza kitu. Aliendelea kuamka saa kumi na moja na kuvaa viatu, ila hakufunga tena mlango wa stoo, watoto wakawa wanaingia kutafuta kitana, mistari arobaini ikawa ishirini na mitano, na mwandishi mmoja wa gazeti alipotaka kujua sababu ya kufanya kazi mlango wazi, alimjibu, "Kuna joto humu."

Mwezi Machi 2019 moyo wake ulianza kuchoka, akatibiwa akiwa nyumbani, na tarehe 21 Oktoba akalazwa hospitali, wodi ya pili, kitanda karibu na dirisha, ambako aliomba penseli akasahihisha tangazo la saa za kuwaona wagonjwa, na muuguzi wa zamu akalibandika tena likiwa na masahihisho yake. Tarehe 5 Novemba, saa nne asubuhi, mdogo wake alimwambia yote. Marehemu akasema, "Nilijua pale pale kaburini. Wewe ukidanganya unashika sikio, tangu utotoni." Alipoulizwa kwa nini basi alinyamaza akabeba aibu isiyo yake, alijibu, "Mimi nilikuwa na mume, na watoto, na karatasi zangu. Wewe ulikuwa na jiko langu tu. Wangekufukuza ungeenda kwa nani?" Mdogo wake akasema atawaambia watu, naye akafumba macho akasema hiyo ni prufu ya mtu mwingine, yeye amestaafu.

Alifariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2019, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Mjomba, Mungu amekujalia miaka tisini na moja na uko hapa mbele, umekuja kumzika mtu uliyeacha kumtembelea. Binti wa dada yako hakukaidi wito wa mama yake. Hakuambiwa. Aliyeambiwa ndiye anayewasomea karatasi hii, naye haisomi ili ahurumiwe, wala hajui kama atasamehewa na walio hai kama alivyosamehewa na marehemu, anaomba tu kwamba kuanzia leo, mkiisimulia habari hii, mtaje jina linalostahili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya pili kwa mikono yao ya upole, wafanyakazi wenzake wa kiwandani, waliosimamisha mashine kwa nusu saa kwa heshima yake, wachapishaji wake, walimu na wanafunzi waliofika na vitabu mkononi, na majirani waliotupikia na kutuchotea maji siku hizi tatu, wakiwemo wale waliomsema, kwa maana walisema walichoambiwa, na wa kuwaambia vinginevyo alikuwepo akanyamaza.

Dada, lawama zile ulizibeba hadi mwisho wa safari yako, sasa zimeteremka kwa mwenyewe. Pumzika, dada yangu, kwa amani.