Maji ya Kuongezea

Weka mkono kifuani, mwanangu, uniapie kwamba hili litabaki hapa. Usimwambie mumeo, wala yule wifi yako mwenye mdomo. Mimi mwenyewe niliapishwa, na tangu siku ile kinywa changu nimekifunga mpaka taya zinauma. Sasa sogea.

Benchi letu unalijua, lile la nje ya saluni ya Dada Kucha. Pembeni yake anauza kahawa mdogo wake, tunayemwita Chungu kwa sababu ya hiyo kahawa. Ana birika la kahawa, na juu ya jiko ana sufuria yenye kifuniko, maji moto ya kuongezea birika likipungua. Siku hiyo niliwahi kuliko wote, nikamkuta Dada Kucha kashika kichwa. Bwana afya ameingia mtaani, yuko kwa kinyozi wa kona. Saluni ya mtaa wa pili ameshaipiga kufuli na leseni kaondoka nayo, eti mikasi haikuchemshwa. Na gesi ya Dada Kucha ilikuwa imeisha asubuhi ile ile, hana pa kuchemshia. Basi nikaona kwa macho yangu haya mawili mikasi, vikata kucha na kitana cha chuma vikizama kwenye sufuria ya Chungu, kifuniko juu.

— Birika limejaa, Chungu alisema. Maji ya kuongezea hayataguswa.

Dada Kucha akanishika mkono.

— Bibi, nakuomba sana. Saluni hii ndiyo inayowalisha wanangu.

Nikaapa. Tatizo, mwanangu, mtu mwenye wasiwasi anakunywa kama ng'ombe. Akafika Dokta, aliyefagia zahanati mpaka akajipa cheo, na nyuma yake Wakili, mtu ambaye hajawahi kushinda kesi hata ya kuku.

— Mmesikia? alisema Wakili kabla hajakaa. Kwa kinyozi mlango umefungwa na wateja wako ndani. Mmoja kanyolewa upande mmoja.

— Kosa lake nini? niliuliza, kama sijui.

— Leseni. Ya nywele si ya ndevu. Wewe ukishuka chini ya sikio, unahitaji leseni nyingine.

— Leseni gani, alisema Dokta. Ni uchafu. Kitana kisichochemshwa kinatoa mapunye kichwa hiki, kinayapeleka kichwa kile. Chungu, mimina.

Chungu akamimina.

— Tena afadhali mapunye, Dokta akaendelea. Mke wangu alichanwa kwa kitana alichotoka kuchanwa nacho jirani yetu. Akarudi nyumbani anadai friji.

— Hakuwahi kudai? aliuliza Wakili.

— Hata siku moja. Wazo limetoka kichwani kwa yule mwanamke, likaingia kwa wangu.

Wakili akamaliza kikombe, akakinyoosha kijazwe tena.

— Sasa nimeelewa, alisema. Unadhani wakubwa wanajali mapunye? Wanazuia mawazo yasisambae. Watu wakichangia kitana, mwisho mtaa mzima unawaza kitu kimoja.

— Na nywele zinazofagiwa zinakwenda wapi? aliuliza Dokta. Nimefagia, najua. Zinapimwa. Wanajua nani anakula nyama halafu anajifanya maskini.

— Nyie mnakunywa kama mnazima moto, nilisema. Pumzisheni matumbo.

— Bibi, wewe huna hofu, alisema Wakili. Saluni ikifungwa, na benchi linaondoka. Mimi nitakaa wapi, nyumbani? Chungu, ongeza.

Chungu alitikisa birika. Halikulia kitu. Akanitazama mimi, mimi nikaitazama barabara. Angesema nini, kwamba hakuna maji, na sufuria inapiga mvuke mbele ya pua zao? Aliinua kifuniko kidogo, akachota taratibu, akamimina birikani juu ya unga mpya. Ndani ya sufuria kitu kikagonga.

— Nini hicho? aliuliza Dokta.

— Sufuria imezeeka.

Akawamiminia. Akanimiminia na mimi, bila kunitazama usoni. Nikashukuru, nikakiweka kikombe gotini kipoe.

— Leo kahawa ina uzito, alisema Dokta.

— Ina ladha ya chuma, alisema Wakili.

— Chuma kinaongeza damu. Kunywa.

Hapo ndipo alipotokea mtu mgeni, begi begani, viatu vyeupe kwa vumbi la mtaa mzima. Alitusalimu vizuri tu, akaingia saluni. Sote tukatega masikio. Tulimsikia akifungua bomba, akifunga, akivuta droo. Akarudi mlangoni na Dada Kucha nyuma yake, amekunja aproni mkononi kama kitambaa cha machozi.

— Leseni nimeiona, dada, iko sawa. Sinki safi, taulo zimefuliwa. Mikasi sijaiona.

— Inachemka, bwana afya.

— Vizuri sana. Inachemka wapi?

Dada Kucha hakutaka kutazama jiko la kahawa, ila macho yalimponyoka. Na hapo kwenye jiko Chungu, akidhani watu wote wanatazama mlango, alikuwa amechuchumaa na koleo la makaa mkononi. Ameinua kitana cha chuma, kinatoa mvuke, kinadondosha maji ndani ya sufuria, na unywele mmoja mrefu unaning'inia.

Bwana afya alikitazama kitana, akalitazama birika. Kisha akatua begi lake chini, akatoa kufuli.

Wakili alitema alichokuwa nacho mdomoni. Dokta alichungulia kikombe chake kitupu kwa muda mrefu. Halafu akageuka, wakageuka wote, hata Dada Kucha na bwana afya na kufuli lake, wakalitazama goti langu.

— Bibi, alisema Dokta kwa upole. Mbona chako kimejaa?