Mzee Notisi, Mpangaji wa Nyumba Yake Mwenyewe

Mpendwa wetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Notisi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1949, kitindamimba wa fundi mwashi. Alisoma hadi darasa la nane, akatoka na kitu kimoja cha kujivunia: mwandiko. Walimu walimsifu mno, naye, masikini, akaamini kwamba mwenye mwandiko mzuri hakosei.

Mwaka 1968 aliajiriwa kuwa karani wa bohari ya saruji, akadumu hapo miaka thelathini na mmoja. Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa, wakajaliwa watoto watatu. Yeye na mkewe walijenga nyumba ya vyumba sita, tofali kwa tofali, wakapangisha vinne. Kila kero marehemu aliibandikia karatasi mlangoni. "Notisi: bomba lisiachwe wazi." "Notisi: kuku si mpangaji." Jina likamganda.

Mwaka 2003 alitaka chumba cha mbele akifanye duka. Humo aliishi fundi cherehani, mjane mwenye watoto wawili, na cherehani pale dirishani ndiyo iliyowalisha.

"Mzee, nikitoka hapa naenda wapi na hawa?" mama yule aliuliza.

Marehemu alikuwa mbishi, tusifichane. Akampa notisi ya kuhama, kisha akampeleka mahakamani, akiwa na mkataba alioutunga mwenyewe kwa ule mwandiko wake, maana wakili alimwona wa nini. Hakimu akausoma kwa sauti: mpangishaji anaweza kumtoa mpangaji kwa notisi ya miezi mitatu. Vizuri. Kisha akarudi mstari wa kwanza, akainua miwani.

"Mzee, hapa juu umeandika mpangaji ni wewe. Mpangishaji ni huyu mama."

Lo! Marehemu alikuwa amegeuza maneno, na wote wawili walikuwa wametia sahihi.

"Haya mama," hakimu akasema akijikaza asicheke, "unataka kumtoa huyu mzee?"

"Hapana, mheshimiwa. Nimeshamzoea. Akae tu."

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Hakimu akaitupilia mbali ile notisi ya kuhama, akawaambia waende nyumbani wakaelewane. Marehemu alifika nyumbani, akakaa kitandani bila kuvua viatu. "Mama watoto," akamwambia mkewe, "leo ningefukuzwa mimi. Yule mama kanihurumia, na mimi sikumhurumia." Duka halikufunguliwa.

Tangu hapo, kila Jumatatu alikwenda kukaa kwenye benchi la ukumbini pale mahakamani, akiwasomea mikataba wenye nyumba na wapangaji kabla hawajaitwa. "Haya, mpangaji hapa ni nani?" alikuwa akianza. Wengi walicheka, wakazungumza, wakarudi nyumbani bila kesi. Alifanya hivyo miaka kumi na minane, bila kuombwa na mtu.

Mwaka 2021 figo zilianza kumsumbua. Aprili mwaka 2024, akiwa amelazwa, aliwasikia wanawe wakinong'ona kwamba akishaondoka nyumba itauzwa, na wa chumba cha mbele atangulie kutoka. Hakuwagombeza. Aliomba karatasi na kalamu, akaandika mkataba mpya kwa mwandiko wake ule ule, kisha akamwita fundi cherehani, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu. Bibi akausoma, akatikisa kichwa.

"Mzee jamani, umerudia kosa lile lile. Mpangishaji umeniandika mimi."

"Safari hii sijakosea," akajibu. "Tia sahihi."

Wanawe watatu walitia sahihi kama mashahidi. Mkubwa, aliyekuwa ameshazungumza na mnunuzi, alilia bila kujificha, akampigia simu na kumwambia nyumba haiuzwi.

Marehemu alifariki tarehe 9 Juni 2024, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na, kwa mujibu wa mkataba, mpangishaji mmoja, ambaye ndiye aliyemshonea suti anayozikwa nayo leo.

Mungu amkaribishe kwenye makao yasiyo na notisi, na humo apumzike kwa amani.