Lois Pekeshe na Fomu Iliyotaka Jina

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Kama umeinjika mboga, punguza moto kidogo unisikilize. Leo tunamkumbuka Lois Pekeshe. Lois Pekeshe, mama Griffin, mkulima wa ndizi na mpunga hapa kando ya mto, karibu na Garsen. Ametutoka mwezi huu wa saba akiwa na miaka arobaini na sita. Presha ilimpanda akiwa shambani, akakimbizwa hospitali, na siku ya tatu akafariki.

Nimewaletea kumbukumbu nyingi katika kipindi hiki. Kwa kawaida naingia studio na huzuni. Leo nimeingia na hasira pia, na sitaificha. Mume wake, mzee Nehemiah, ameniambia nisiifiche.

Wengi wenu mlimjua Lois kwa jambo moja. Ni yule mama wa kambini ambaye, walisema watu, alitakwa na mfanyakazi wa misaada. Mlisikia. Mkasimuliana. Na mimi nilisimuliwa, nikacheka. Basi leo tusikilize ilivyokuwa.

Lois hakusoma utotoni. Alianza ngumbaru, masomo ya jioni ya watu wazima hapa Garsen, akiwa na miaka arobaini na moja. Mimi mwenyewe nilisoma jioni kwenye jengo lile lile, mtoto mgongoni, kwa hiyo nawajua wanafunzi wa jioni. Wanasinzia. Lois hakusinzia. Alishika penseli kama ameshika jembe, akaandika kwa nguvu mpaka karatasi inatoboka. Mwalimu Zachary anakumbuka alivyomtania.

"Mama Griffin, hiyo karatasi imekukosea nini?"

"Mwalimu, nataka jina likae."

Likakaa. Kitu cha kwanza Lois kuandika ni jina lake. Aliliandika kwenye jerikeni, kwenye mpini wa jembe, kwenye mlango wa choo. Watoto wake walimcheka: "Mama, nani ataiba choo?"

Kisha ikaja ile mvua ya mwaka wa elfu mbili ishirini na nne. Mto ukatoka njia yake. Maji yakafika kwenye madirisha. Lois, Nehemiah na watoto wao watatu wakahamia kambini, nchi ya juu upande wa Tarasaa. Wapokomo kwa Waorma, wakulima kwa wafugaji, hema kwa hema. Kulikuwa na shirika lililoleta chakula. Silitaji jina, maana malalamiko bado yako mbele yao na sitaki mtu apate kisingizio. Shirika hilo likataka kina mama wawili wa kupanga foleni. Wakachaguliwa Lois na Bishara, Muorma, muuza maziwa. Bishara ameniambia:

"Mimi walinichagua kwa sababu ya sauti. Yeye kwa sababu anajua kusoma. Nikawa namwita mwalimu, ananikasirikia, lakini anageuka."

Sasa, kambini kulikuwa na mwandikishaji. Huyu ndiye aliyepita hema kwa hema na tableti mkononi, akiingiza majina ya watu wa kupewa unga, mafuta na mablanketi. Jina lisipokuwa kwenye tableti, huli. Ni hivyo tu. Mtu mmoja, tableti moja, na njaa ya kambi nzima.

Mchana mmoja mwanamke alimfuata Lois kwenye tangi la maji. Sitasema ni mtu mzima au ni msichana. Sitasema ni Mpokomo au ni Muorma. Lois alipomsimulia Bishara hakusema, nami sijui. Alimwambia kwamba jina lake lilifutwa. Mwandikishaji akamwambia litarudi akienda kumtembelea kwenye chumba alichopanga Tarasaa. Alikwenda. Jina likarudi. Na sasa limefutwa tena.

Lois alimuuliza anataka nini. Yule mwanamke akataka mambo mawili. Yule mtu aondolewe, na yeye asijulikane. Mawili tu, wasikilizaji.

Kesho yake asubuhi Lois alikwenda kwenye hema la malalamiko. Nje palikuwa na bango, limeandikwa kwa herufi kubwa: Msaada ni bure. Bishara alikuwa amesimama mlangoni, na maneno haya ni yake. Ndani alikuwepo afisa, binti mdogo, mpole, mgeni wa huku.

"Jina la aliyefanyiwa?" akauliza binti.

"Silitoi."

"Mama, fomu haiendi bila jina. Hapa, ona, pana nafasi ya jina."

"Hiyo nafasi inataka jina la nani?"

"La mtu, mama. Ikienda tupu itarudishwa."

Lois akaivuta fomu. Kisha akasema, "Nipe kalamu."

Akaandika. Lois Pekeshe. Bishara anasema aliandika polepole, ulimi nje, kama yuko darasani. Akairudisha fomu. "Haya. Si sasa ina jina?"

Wasikilizaji wapendwa, ngoja niwaambie kitu ambacho kimeninyima raha wiki nzima. Nimemuuliza mtu anayefanya kazi hizi za kulinda watu kwenye misaada, miaka mingi. Nimemuuliza, ni lazima jina? Akaniambia si lazima. Malalamiko ya aina hii yanapokelewa bila jina. Ile nafasi kwenye fomu ingeachwa wazi. Kumbe ingeachwa wazi! Yule binti hakufundishwa, au alifundishwa nusu. Na kwa ajili ya nusu hiyo, Lois akalipa yote.

Maana ile fomu ililala mezani siku mbili bila bahasha. Mtu alileta chai, akasoma. Siku ya tatu kambi nzima inajua.

Kwenye tangi la maji walimngoja. "Mama Griffin! Kumbe na hayo magoti ya kuuma bado unatafutwa?" Mwingine akadakia, "Alikupa blanketi ngapi, tuazime moja?"

Lois akajaza jerikeni yake. Akasema, "Magoti yanauma, ila masikio ni mazima. Nimewasikia." Akajitwika, akaenda zake.

Wangeachia hapo kwenye tangi, afadhali. Kanisani kina mama wakakaa kikao. Lois alikuwa anaongoza kwaya yao. Mwenyekiti wao, Teresia, akamwambia apumzike kwanza mpaka mambo yatulie. Alipumzishwa hivyo mpaka alipokufa. Hakuongoza tena wimbo hata mmoja.

Na nyumbani? Nilimuuliza mzee Nehemiah, nikiogopa. Akanijibu mwenyewe, na ameniruhusu niyaseme.

"Nilimuuliza, ni wewe? Akaniambia, ukiambiwa ni mimi, utanifukuza? Sikumjibu. Nilinyamaza siku tatu. Siku tatu, binti yangu, mke wangu ananipakulia chakula na mimi nimenyamaza. Siku ya nne akaniambia, si mimi. Lakini usimwambie mtu kwamba si mimi, kwa sababu wakijua si mimi, wataanza kutafuta ni nani."

Basi Nehemiah naye akawa anachekwa. Wanaume wenzake wanamuuliza kama amepewa unga wa ziada. Anakaa kimya. Angesema neno moja tu angepona. Hakulisema.

Na yule mwandikishaji? Hakuondolewa. Alihamishwa. Walimpeleka Ndera, kwenye kambi nyingine, na tableti yake. Narudia, tafadhali, mtu asiseme hakusikia. Mtu aliyelalamikiwa kwa kufuta majina ya wanawake mpaka wamtembelee, alipelekwa kwa wanawake wengine, kuandika majina.

Lois alipata habari hiyo. Kisha akaanza kupiga simu. Kwenye bango palikuwa na namba ya bure. Alipiga kila Jumatatu. Kwanza inasema Kiingereza, kisha inapiga muziki, kisha mtu anamwambia, "Tumeyapokea, mama, yanashughulikiwa." Maji yakapungua, kambi ikavunjwa, watu wakarudi kwenye mashamba yao. Lois akapanda migomba upya. Jumatatu anapiga. Alipanda mpunga, akavuna. Jumatatu anapiga. Miezi kumi na minne. Kila mara jibu ni lile lile: yanashughulikiwa. Nani anashughulika? Anashughulika na nini? Nchi hii mtu akipoteza simu anapata jibu upesi kuliko hivyo.

Bishara alikuwa anampitia kila akitoka kuuza maziwa. Mwezi wa sita, wamekaa wanamenya ndizi, Lois akamuuliza swali. Wakati huo hakuwa mgonjwa. Aliuliza tu.

"Bishara, wakija kuniuliza nikawa sipo?"

"Uwe wapi?"

"Nisiwepo tu. Yule mtu abaki Ndera, na mwenzetu abaki hivyo hivyo?"

Bishara anasema alimjibu kwa mzaha, "Wewe mwalimu huendi popote, hata darasa hukukosa." Wiki tatu baadaye akawa anamzika.

Sasa sikilizeni lililotokea siku ya nne ya matanga. Watu wamejaa nyumbani kwa Nehemiah. Kina mama wa kwaya wapo, na Teresia wao. Kina mama wa Kiorma wapo, wamekuja na Bishara na maziwa ya chai. Ni alasiri. Simu ya marehemu ikalia. Nehemiah akaibonyeza vibaya, ikatoa sauti kubwa. Kila mtu akasikia.

"Naongea na Lois Pekeshe? Ni kuhusu malalamiko yake. Tungependa kumhoji."

Baada ya miezi kumi na minne. Siku ya nne ya matanga.

Nehemiah akasema, "Lois tumemzika."

Yule wa upande wa pili akashusha sauti. Kisha, kwa upole sana, "Pole sana, mzee. Mungu ampumzishe. Basi, kwa kuwa mlalamikaji hayupo, hili faili itabidi tulifunge."

Bishara alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini, akachukua simu mkononi mwa Nehemiah.

"Usifunge. Mlalamikaji ni nani?"

"Ni yule aliyeleta malalamiko, mama."

"Sawa. Mimi nayaleta. Andika jina langu. Bishara."

"Mama, wewe ndiye uliyefanyiwa?"

"Nimekuambia nayaleta. Hayo mengine hujayauliza vizuri hata leo. Andika Bishara, vile unasikia."

Hapo Teresia akasimama. Teresia, mwenyekiti wa kwaya, aliyempumzisha Lois. Alikuwa analia. Akasogea kwenye simu. "Na mimi. Teresia. Na uandike kwamba nilikosea." Yule wa simu akasema hana mahali pa kuandika hilo. Teresia akasema, "Tafuta."

Kisha Nimo. Kisha Sabdio. Kisha Priscilla, yule aliyeuliza habari za blanketi kwenye tangi, ameniambia nimtaje. Walipita mmoja mmoja, simu mkononi mwa Bishara, kila mmoja analisema jina lake. Majina kumi na moja. Kama yule aliyefanyiwa hasa alikuwemo kati ya hao kumi na moja, hakuna aliyejua, na hakuna aliyetazama uso wa mwenzake kutafuta.

Mwisho kabisa mzee Nehemiah akaomba simu yake.

"Andika na mimi. Nehemiah."

"Mzee, wewe ni mwanamume."

"Najua. Andika."

Wasikilizaji wapendwa, faili halikufungwa. Nimehakikisha mwenyewe. Jana mchana shirika lilithibitisha kwamba yule mtu amesimamishwa kazi wakati uchunguzi unaendelea. Sijui utafika wapi. Sitawadanganya. Ninachojua ni kwamba leo hii, huko Ndera, hana tableti. Ilichukua miezi kumi na minne na kaburi moja.

Kwa mzee Nehemiah, kwa Griffin na wadogo zake, kwa Bishara ambaye bado anapita njia ile ile akitoka sokoni, tunasema poleni. Poleni sana. Mola awape nguvu.

Kwa nyinyi wenye mashirika, mna mabango mazuri. Wafundisheni watu mnaowakalisha chini ya mabango. Mtu akilalamikiwa, asiguse orodha ya majina popote, Tarasaa wala Ndera, mpaka ijulikane. Na mtu akipiga simu Jumatatu, apate jibu kabla hajafa.

Kwa sisi tuliocheka, leo jioni tujiulize tulikuwa tunamcheka nani, na ni nani mwingine alikuwa amesimama kwenye foleni ile ya maji, anatusikia tunavyocheka, akaamua kufunga mdomo.

Na kwako wewe, dada yangu, uliyemfuata Lois kwenye tangi. Huenda unanisikiliza, huenda redio ya jirani ndiyo inayosema. Hukumkosea Lois. Yeye alichagua, na alijua anachagua nini. Unga ule ulikuwa wako, blanketi lilikuwa lako, hukupaswa kutoa chochote. Siku ukitaka kusema, majina kumi na mawili yamekutangulia kwenye lile faili, na la Lois ni la kumi na tatu. Usipotaka kusema, kaa. Nyamaza kwa amani. Hatulijui jina lako, na hatuliulizi.