Kichujio cha Mahfudha na Penalti Iliyogandia Hewani

Mgeni rasmi, Mhandisi Abdulhafidh wa Stafford, kando ya Houston,
Mashehe na wachungaji wetu,
Akina mama mlioacha sufuria jikoni,
Na wewe Mahfudha, uliyejibanza nyuma ya birika la chai:

MAKARIBISHO

Karibu sana mtaani kwetu Vickery Meadow. Tunajua umetoka Houston alfajiri, na kwamba foleni ya Dallas imekupokea kabla yetu. Utuwie radhi, hatukuituma.

Sisi ni Umoja wa Dishi. Wengine tumetoka Kongo, wengine Mombasa na Zanzibar. Tunafanya kazi kwenye maghala, tunaendesha teksi, tunatunza wazee. Hatukubaliani kuhusu timu wala kuhusu pilau, ila kuhusu dishi tuko kitu kimoja. Anayekusomea ni katibu wetu, Fortunée, na haya atakayoyasoma yamepitishwa na wanachama wote isipokuwa Mahfudha, ambaye hakuulizwa.

TULIKOTOKA

Dishi kubwa unaloliona kule nyuma liliachwa na mpangaji aliyehama. Mwenzetu Omer, dereva wa lori, alilielekeza angani mpaka likanasa mpira wa nyumbani. Tuliishi kwa raha mpaka kampuni moja ya simu iliposimamisha mnara jirani. Picha ikaanza kukatika. Siku ya nusu fainali mpigaji penalti aliweka mpira, akarudi nyuma, akaja mbio, akainua mguu, na picha ikaganda mguu ukiwa hewani. Ilipozinduka wachezaji walikuwa wanabadilishana jezi. Matokeo tuliyasoma kwenye simu, lakini kusoma goli si kuliona.

Hapo ndipo Mahfudha alipoingia. Huyu ni binti wa Mombasa, amesomea uhandisi wa mawasiliano, na mapenzi yake ni saketi za mawimbi mafupi sana, yale ya rada na setilaiti. Hapa Texas anauza vitambaa katika duka la shangazi yake lililo mji wa jirani, Carrollton. Alituma maombi ya kazi kila mahali. Majibu yaliyokuja yaliandikwa na mashine, yakimshukuru. Mwishowe akaacha hata kumwambia shangazi kwamba ame-apply tena.

Alikuja kumletea mmoja wetu kitambaa cha pazia, akaona runinga ikikwama, akaliweka pazia chini.

"Dishi lenu ni zima," alisema. "Setilaiti inanong'ona kutoka mbali, mnara unapiga makelele hapa mlangoni. Mnataka kichujio. Kipitishe mnong'ono, kizuie makelele."

Omer akamuuliza, "Dada, utakitengeneza na nini?"

"Kwanza na kompyuta."

MAFANIKIO

Alitueleza kwamba zamani mtu alikata vipande vya shaba, akapima, akatupa, akakata tena. Siku hizi unaichora saketi kwenye programu, nayo inakokotoa mawimbi yatakavyopita. Kisha unaiambia unachotaka, na yenyewe inabadilisha urefu na upana wa shaba, inajaribu, inajaribu tena, mpaka ipate.

"Sasa sisi tutafanya nini?" aliuliza Omer.

"Mtasubiri."

Tulisubiri. Mstari wa makelele ya mnara kwenye kompyuta ulishuka mpaka chini, Mahfudha akapiga kigelegele. Bodi ikaagizwa, ikafungwa kwenye dishi. Makelele ya mnara yakaisha kabisa. Na setilaiti nayo ikaisha kabisa. Runinga ikawa nyeusi tii. Mahfudha aliikodolea macho, kisha akacheka mpaka akakaa sakafuni.

"Niliiambia izuie mnara," alisema. "Sikuiambia ipitishe mpira!"

Mgeni rasmi, hapo tulijifunza kwamba kompyuta inatii kama mke aliyenuna: unachosema ndicho utakachopata, hakiongezwi hata kidogo.

Mara ya pili aliiambia yote mawili. Ikatoa saketi nzuri mno, yenye nafasi kati ya shaba na shaba nyembamba kuliko unywele. Karakana ya bodi ikamuuliza kama anatania. Akaiwekea kompyuta mipaka ya kile kinachoweza kukatwa. Mara ya tatu picha ikaja, tukashangilia, Omer akafunga kifuniko cha boksi la bati lililohifadhi bodi, picha ikapotea. Akafungua, ikarudi. Akafunga, ikapotea.

"Haipendi giza," alisema Omer.

Mahfudha hakucheka safari hii. Alikaa na boksi mapajani muda mrefu, na sisi tuliomwona tulidhani amekata tamaa. Kumbe anawaza. "Nilichora saketi nikasahau nyumba yake," alisema. "Mawimbi yanagonga kifuniko yanarudi." Akakichora na kifuniko, akaiachia kompyuta itafute upya, na tangu hapo hatujakosa mechi. Omer alilibusu dishi. Tunayo picha.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu kubwa ni wewe, mgeni rasmi.

Ulikuja Carrollton kwenye harusi, wakakuleta hapa kutazama mpira, ukauliza, "Kichujio hiki nani kakitengeneza?" Kisha ukaomba kuja tena rasmi. Tukaulizana: mwenye kampuni ya saketi anaendesha gari kutoka Houston kuja kunywa chai? Anamtaka Mahfudha. Basi, ili usimchukue, tuliandika risala nyingine, kabla ya hii. Ilisema Mahfudha anachelewa, anafoka, anakula sambusa juu ya vifaa. Yote ni kweli, ila tuliyapamba.

Katibu alipokuwa akiisoma kwa majaribio, Mahfudha akaingia na sinia mkononi. Katibu akaikunja karatasi.

"Endeleeni," alisema. "Hamjaandika kwamba nakoroma."

Fortunée akalia. "Mahfudha, ukienda tutabaki na nani?"

Naye akaweka sinia chini, akasema taratibu, "Mama Fortunée, nawapenda. Lakini nimechoka kupima vitambaa kwa utepe wa dukani. Kule kuna maabara. Nataka kuamka asubuhi niitwe mhandisi, nikosee mbele ya watu wanaojua nimekosea wapi."

Risala ile tuliichana. Sambusa tulizila.

MAOMBI

Hatuombi jengo wala mnara uhamishwe. Mpe kiti karibu na dirisha, na usishangae akizungumza na saketi. Jumamosi mojamoja umruhusu aje. Na tunakuomba sana usiisubiri barua wala simu. Katika nchi hii hajawahi kuambiwa na mtu, uso kwa uso, kwamba anahitajika. Mwambie leo, hapa, mbele yetu. Amevaa vizuri.

Mungu akurudishe Houston salama, aibariki kazi ya mikono yako, na barabara iwe nyeupe.

Ni sisi, Umoja wa Dishi, Vickery Meadow.

Tumemaliza, mgeni rasmi. Kipaza sauti hiki hapa.